"O'er", "'tis" na "ne'er": maswali ninayoulizwa sana na wanaojifunza Kiingereza hapa Tanga

Nafundisha Kiingereza jioni Ngamiani, na wengi wanaokuja darasani kwangu ni watu wazima: karani wa bandarini, fundi cherehani, vijana waliomaliza kidato cha nne, na kina mama wawili watatu wa kwaya. Karibu wote wanapenda mashairi. Si ajabu, kwa sababu Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, mkoani humu humu, mwaka 1909, na mtoto wa Tanga hujifunza kuhesabu mizani kabla hajajua mizani ni nini. Kwa hiyo wakikutana na shairi la zamani la Kiingereza huvutiwa na yale maneno yaliyokatwa katikati, na maswali hayaishi. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi kila msimu. Majibu ni yangu, na pale ninaposhikilia msimamo nimesema.

Mwalimu, hivi vineno vyenye alama juu ni makosa ya chapa au ni maneno kweli?

Ni maneno kweli. "O'er" ni "over". "Ne'er" ni "never", "e'er" ni "ever", na "e'en" ni "even". "Ta'en" ni "taken". "'Tis" ni "it is", "'twas" ni "it was", "'twill" ni "it will". "'Neath" ni "beneath" na "'gainst" ni "against". "Th'" ni "the" iliyobanwa mbele ya neno linaloanza na irabu. Ile alama, yaani ritifaa, inakuonyesha mahali herufi zilipoondolewa.

Ukizipanga hizo za kwanza utaona kitu: herufi inayoliwa mara nyingi katikati ya neno ni "v". Over, never, ever, even. Ukishalijua hilo, nusu ya kazi ya kusoma umeimaliza. Ukikuta ritifaa katikati ya neno la kishairi usilolijua, jaribu kwanza kurudisha "v" uone kama neno linaamka.

Kwa nini walikata maneno? Walikosa nafasi kwenye karatasi?

Karatasi haikuhusika. Ni mizani.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Tanga ana bahati kuliko wanafunzi wengi duniani, kwa kuwa jambo hili analo nyumbani. Chukua mshororo huu, nimeutunga kwa ajili ya darasa tu:

*Ndugu zangu walokuja, jana kutoka Pangani*

Hesabu ukwapi, yaani kipande cha kwanza: ndu-gu-za-ngu-wa-lo-ku-ja. Nane. Utao nao, yaani kipande cha pili: ja-na-ku-to-ka-Pa-nga-ni. Nane. Sasa weka neno kamili, "waliokuja". Ukwapi unakuwa tisa na mshororo unachechemea; hata asiyejua jina la kosa atakwambia kuna kitu kimekwama kooni. Mshairi amekata silabi moja ili mizani itimie. Sisi tunaita inkisari. Mwingereza wa zamani alifanya jambo lile lile.

Tofauti ni kwamba mizani yao haihesabu silabi peke yake, inahesabu na mkazo. Mstari wao mashuhuri kuliko yote una silabi 10 zinazopanda na kushuka: nyepesi, nzito, nyepesi, nzito, hadi mikazo mitano. Ndio mstari ambao Shakespeare aliutumia sana katika michezo yake. Nimetunga mmoja wenye majahazi yetu ndani yake:

*The dhows come home o'er waters dark and still*

Gonga meza kwa kidole kila silabi: the, DHOWS, come, HOME, o'er, WA, ters, DARK, and, STILL. Kumi, na mikazo imekaa mahali pake. Weka "over" uone. Zinakuwa kumi na moja, silabi mbili nyepesi zinagongana katikati, na jahazi linapanda mwamba.

Mfano usio wa kwangu ni huu. Shairi la William Wordsworth kuhusu maua ya manjano kando ya ziwa, lililochapishwa mwaka 1807, lina "o'er" katika mstari wa pili kabisa. Mstari ule una silabi 8, sawasawa na kipande kimoja cha shairi letu. Angeandika "over" zingekuwa 9. Nikilifundisha shairi hilo huanzia hapo, na sijawahi kuona darasa likishindwa kulielewa.

Basi wao wana inkisari. Je, wana mazida, yaani kurefusha neno ili mizani itimie?

Wanayo ya namna yao. Neno kama "blessed" katika matamshi ya kawaida ya kitenzi ni silabi moja, "blest". Mshairi akihitaji silabi ya pili hulitamka "bles-sed", na wachapaji wa leo huweka alama juu ya "e" ya mwisho ili msomaji asilimeze. Kinyume chake, vitabu vya zamani vikitaka usiitamke hiyo "-ed", viliandika "lov'd", "walk'd", "turn'd". Mwanafunzi wa leo huona ajabu, kwa sababu sisi sote tunatamka "loved" na "walked" kwa silabi moja bila kuambiwa. Lakini zamani "-ed" ilikuwa silabi kamili, na katika ushairi iliendelea kuhesabiwa hivyo hata baada ya kupotea mdomoni. Ritifaa ilikuwa inamwelekeza msomaji: hapa imeze.

Mbona sisi tunasema "alokuja" mtaani na hakuna anayetushangaa? Kwa nini Mwingereza asiseme "o'er" sokoni?

Katika maswali yote hili ndilo ninalolipenda zaidi, na ndilo linalowaangusha wanafunzi wangu wengi bila wao kujua.

Inkisari zetu nyingi hazikuzaliwa kwenye daftari la mshairi. Zilikuwa mdomoni kwanza. Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kutunga shairi, lakini angekuuliza mlangoni, "Alokuja jana kenda wapi?" Hakuna aliyemsikia akadhani anaghani. "Mwanangu", "mkewe", "nduguyo", "babake": zote ni maneno mawili yaliyobanwa kuwa moja, na tunazitumia sebuleni, msibani na sokoni. Hata ule msemo wa mji wetu, "Waja leo waondoka leo", ni mfupi kwa sababu ndivyo watu wa pwani wanavyosema. Ukiurefusha unaacha kuwa wa Tanga. Kwa hiyo mtu wa hapa akisoma ushairi wake wa jadi anasikia sauti ya nyumbani iliyopangwa vizuri. Kati ya shairi na baraza hakuna ukuta, pana pazia tu.

Kwa Kiingereza uzi huo ulikatika. Enzi za Shakespeare, yaani miaka ya 1590 na mwanzoni mwa 1600, "'tis" lilikuwa neno la mdomoni kabisa, watu walilisema dukani na jikoni. "Ne'er" na "e'en" nazo hazikuwa ngeni. Mazungumzo yakasonga mbele, mashairi yakabaki nazo. Kufikia karne ya kumi na nane washairi kama Alexander Pope na wachapaji wao walikuwa wameshazigeuza kuwa desturi ya kuandika, na kila ukurasa umejaa "heav'n", "pow'r" na "ev'ry". Watu wa kawaida wakaendelea kusema "over" na "never". Tangu hapo "o'er" halikuwa tena neno la bibi wa mtu. Likawa neno la kitabu.

Sasa mwanafunzi wa Tanga analikuta "o'er" kwenye shairi zuri, na moyo wake unamwambia: hii ni kama "alokuja", ni tamu na ya kawaida, nitaitumia. Moyo wake haudanganyi kuhusu Kiswahili. Lakini Mwingereza, Mmarekani au Mhindi anayemsikiliza hasikii bibi yake. Anasikia mtu aliyevaa nguo za maigizo kwenye foleni ya benki.

Kwa hiyo jibu lako ni nini: tuzitumie au tusizitumie?

Zijue kwa kusoma. Usizitumie unapoongea wala unapoandika mambo yako. Sisemi hivi kwa kuwa ni mbaya. Kila mojawapo ilikuwa na kazi, nayo ni kutimiza mizani. Pasipo na mizani ya kutimiza, haina kazi.

Hata kwenye barua ya kuomba kazi? Nataka waone Kiingereza changu ni cha juu.

Huko ndiko hasa usizipeleke. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mwanafunzi kutoka Makorora, binti mwenye Kiingereza kizuri na sikio zuri zaidi. Aliomba kazi ya mapokezi katika hoteli moja. Barua yake ilianza na "'Tis with great joy", na chini kidogo kulikuwa na "ere long". Alinionyesha kabla ya kuipeleka. Nikaisoma, ikanipendeza kwa kuwa nilijua alivyohangaika na yale mashairi, na sikumwambia kitu. Siku ya usaili barua ilisomwa kwa sauti mbele ya watu watatu, wakacheka. Alikaa wiki mbili bila kuja darasani. Aliporudi tukaketi, tukaiandika upya, ikaanza na sentensi ambayo kila mwajiri anaijua: "I am writing to apply for the post of receptionist." Kazi aliipata kwingine. Lakini zile wiki mbili zilikuwa deni langu, na tangu siku hiyo swali hili nalijibu bila kuzunguka.

Zaidi ya hapo, barua rasmi ya Kiingereza kwa kawaida haipendi hata mikato ya kisasa. "Don't" huandikwa "do not", na "I'm" huandikwa "I am". Kama "I'm" inawekwa kando, "'tis" haina pa kukaa. Katika insha ya mtihani nashauri hivyo hivyo: andika maneno kamili. Kama unanukuu shairi, hapo nakili kama lilivyo, na ritifaa zake zote, kwa sababu ukimrekebisha mshairi umemharibia mizani.

"'Tis" na "it's" si kitu kimoja? Kwa nini moja iwe ya zamani na nyingine ya leo?

Yote mawili ni "it is". Tofauti ni mahali pa kubana. "'Tis" imekata kichwa cha neno la kwanza, "it's" imekata kichwa cha neno la pili. Kwa muda mrefu "'tis" ndiyo iliyotawala, na "it's" ikaja kuipiku taratibu katika karne ya kumi na saba na ya kumi na nane. Haikufa kila mahali. Ireland bado utaisikia mdomoni mwa watu, na katika baadhi ya sehemu za kusini-magharibi mwa Uingereza vilevile. Mtu wa kule akikwambia "'tis", anazungumza lugha yake ya nyumbani, wala haghani. Wewe huna hiyo nyumbani, kwa hiyo mwachie.

Na kama una dakika kumi za kujifunza jambo kuhusu neno hili, nakusihi uzitumie kutofautisha "it's" na "its". La kwanza ni "it is". La pili ni umiliki, halina ritifaa hata kidogo. Kosa hilo nalisahihisha kila wiki, wakati "'tis" nalisahihisha labda mara mbili kwa mwaka.

Yanatamkwaje? Mimi nasema "o-e-a".

Wengi husema hivyo, kwa sababu Kiswahili kimetuzoesha kutamka kila irabu. Lakini ukisema "o-e-a" umeshaweka silabi tatu mahali mshairi alipotaka moja. Umerudisha mzigo aliohangaika kuutua.

"O'er" ni pigo moja, linafanana na "or" na lina kina kimoja na "more". "Ne'er" lina kina na "there". "E'er" linasikika kama "air". "E'en" lina kina na "seen". "Ta'en" lina kina na "rain". "Heav'n" ni pigo moja: ulimi ukishatoka kwenye "v" uende moja kwa moja kwenye "n" bila kupitia irabu. Hilo ni gumu kwetu, kwa hiyo lisemeshe polepole mara tano kisha lirudishe kwenye mstari. "'Tis" lina kina na "this", ila herufi ya mwisho iwe "z" na si "s".

Njia ninayoitumia ni kutafuta kina. Washairi wa zamani walipenda vina kama sisi. Ukikuta "o'er" mwishoni mwa mstari, tazama neno linaloishia mstari wa jozi yake. Litakuwa "shore" au "more" au "before". Kina kinakufundisha matamshi bila mwalimu.

"Ere", "oft", "morn" nazo ni mikato?

"Ere" si mkato. Ni neno kamili la kale lenye maana ya "kabla ya", na halina ritifaa. Watu hulichanganya na "e'er" kwa sababu yanatamkwa sawa, lakini "e'er" ni "ever". Ukiandika moja badala ya jingine maana inapinduka.

"Oft" nalo ni la kale kuliko "often". Kwa macho ya leo linaonekana kama limekatwa, lakini "often" ndiyo iliyoongezewa mkia. "Morn" ni asubuhi, "eve" ni jioni. Yote haya yako kwenye kabati moja la maneno ya kishairi, na shauri langu kuyahusu ni lile lile.

Na "thou", "thee", "hath"?

Hayo ni sarufi ya zamani, si mikato, na yanataka somo lake. Kwa sasa jua tu kwamba "thou" ni wewe mmoja, na kwamba yanaweza kukatwa pia: "thou'rt" ni "thou art", yaani "wewe ni".

Kwaya yetu inaimba nyimbo za Kiingereza zenye "o'er" na "'tis". Tubadilishe maneno?

Msibadilishe. Wimbo ni mizani pamoja na noti. Ukiweka "over" mahali pa "o'er", silabi moja inabaki haina noti ya kukalia, na sauti ya pili na ya tatu zitapishana. Imbeni kama ilivyoandikwa, kwa pigo moja.

Wengi hudhani mikato hii inatoka kwenye Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya King James. Sivyo. Biblia ile ina "thou" na "hath" tele, lakini huandika "it is" na "over" kwa ukamilifu, kwa kuwa ni nathari, na nathari haihitaji kubana silabi. Mikato imekuja kanisani kupitia tenzi. Fungua kitabu cha nyimbo na Biblia pembeni yake uone; ni somo zuri la kipindi kizima.

Hata wasioimba kanisani hulisikia "o'er" bila kujua. Wimbo wa taifa wa Marekani umelibeba tangu mwanzo. Maneno yake aliyaandika Francis Scott Key mwaka 1814, baada ya kuona ngome ya Baltimore ikishambuliwa kwa mabomu usiku kucha, na wimbo ukafanywa rasmi kuwa wa taifa mwaka 1931. Kila mechi kubwa inayochezwa kule, maelfu ya watu huimba "o'er" kwa sauti. Wakitoka uwanjani wanasema "over". Wamelihifadhi wimboni, na wanajua mahali pake.

Mimi natunga mashairi ya Kiingereza. Nayo nisizitumie?

Hapa sikukatazi, ila nitakushauri kwa nguvu.

Mwaka 1800 Wordsworth aliandika dibaji ndefu ya kitabu chake cha mashairi. Humo aliipinga ile lugha ya mapambo waliyorithishana washairi, akatetea lugha wanayoizungumza watu. Ndiye huyo huyo aliyeandika "o'er" katika shairi la maua lililotoka miaka saba baadaye. Simhukumu. Tabia ya mkono haiachi haraka. Lakini mlango aliousukuma ulifunguka, na washairi wa Kiingereza wa karne ya ishirini wakaiacha mikato hii karibu yote. Leo ukimpelekea mhariri wa Kiingereza shairi lenye "o'er", atadhani umejifunza ushairi mahali ambapo vitabu viliishia miaka 150 iliyopita.

Jambo jingine linanigusa zaidi. Vijana wetu wakiandika "'neath the moon" wanadhani wamepata ushairi. Wamepata kanzu ya mtu mwingine. Wewe umekulia kwenye mji wenye Amboni na mapango yake, mkonge, majahazi, na barabara za Ngamiani zinazoitwa kwa namba. Hayo hakuna Mwingereza anayeweza kuyaandika kama wewe. Yaandike kwa Kiingereza unachokisema. Ukihitaji kutimiza silabi 10, badilisha neno, geuza mpangilio, tafuta kitenzi kifupi. Ndivyo mtunzi mzuri wa Kiswahili anavyofanya pia: inkisari huitumia baada ya kuhangaika, hakimbilii huko kwanza. Wazee wa ushairi wetu wana neno kwa anayekata kila neno apendavyo. Husema anaboronga.

Kama unatunga kwa makusudi shairi la kuigiza zama zile, au mhusika wa mchezo wa jukwaani anayetakiwa kusikika wa kale, hapo zitumie, na uzitumie kwa usahihi.

Je, ipo iliyobaki hai ambayo naweza kuisema leo bila wasiwasi?

Ipo, na moja unaisema kila siku. "O'clock" ni mkato wa "of the clock". Hakuna anayesema kirefu chake tena. "Halloween", ile sikukuu ya mwisho wa Oktoba, ina "e'en" ndani yake, mkato wa neno la kale la jioni: ni jioni ya kuamkia Siku ya Watakatifu Wote. "Ma'am" ni "madam", na hotelini utaihitaji. "Goodbye" yenyewe ni sentensi nzima iliyobanwa, maana yake Mungu awe nawe. Ritifaa zimeshaanguka zote na dua imefichika humo ndani.

Kwa walioko bandarini kuna mengine. Msimamizi wa mabaharia kwenye meli huandikwa "boatswain", lakini hutamkwa "bosun", na siku hizi huandikwa hivyo pia. Sehemu ya mbele ya meli, "forecastle", mabaharia huiita "fo'c'sle", yenye ritifaa mbili katika neno moja. Karani wangu wa bandarini alikuwa amelisikia neno hilo kwa miaka bila kujua linaandikwaje, na siku tuliyoliandika ubaoni alifurahi kweli.

Ritifaa inanichanganya. Kwetu inakaa kwenye "ng'ombe".

Una haki ya kuchanganyikiwa, na vitabu vya kigeni havitakwambia sababu kwa kuwa havijui Kiswahili. Ritifaa yetu haionyeshi kilichoondolewa. Katika "ng'ombe" au "Mtang'ata" inaonyesha sauti: kwamba "ng" hapa inatoka puani na haina "g" inayosikika. Hakuna herufi iliyopotea. Na tunapofupisha kweli, hatuweki alama yoyote. "Alokuja" haina ritifaa, wala "mwanangu". Kwa hiyo lugha hizi mbili zinatumia alama moja kwa kazi mbili tofauti kabisa. Ukiiona kwenye Kiingereza jiulize: nini kimetoka hapa? Ukiiona kwenye Kiswahili jiulize: hapa natamkaje?

Na kama utaichapa kwenye simu au kompyuta, angalia neno linaloanza na ritifaa, kama "'tis". Mashine nyingi hudhani unafungua nukuu, zinakuwekea alama iliyogeukia upande usio wake, yenye umbo la 6. Inayotakiwa ni yenye umbo la 9. Njia rahisi: chapa ritifaa mbili kisha futa ya kwanza.

Nimeona "'till". Ni mkato wa "until"?

Hapana. "Till" ni neno kamili na ni la zamani kuliko "until". Liandike bila ritifaa. Vivyo hivyo "'em", ambalo wengi hudhani ni "them" iliyokatwa "th". Asili yake ni neno jingine la kale, "hem", lililokuwa na maana ile ile kabla "them" halijaenea. Ritifaa iliwekwa baadaye na watu waliodhani kama wewe. Na "O'" katika majina ya Kiireland kama "O'Brien" si "of". Ni neno la Kiireland lenye maana ya mjukuu au mzao.

"Gonna" na "wanna" ni ndugu zao?

Ni mikato ya mdomo wa leo, haikutokana na mizani. Zielewe unaposikiliza. Kwenye maandishi rasmi ziache.

Mwanangu yuko darasa la sita, amekutana na "o'er" kwenye kitabu cha nyimbo akaniuliza. Nimweleze vipi bila kumchosha?

Usimweleze kwanza. Mwambie akuimbie wimbo wowote wa Kiswahili anaoupenda, nawe mgonge meza pamoja kwa kila silabi. Kisha mchomekee neno refu katikati ya mstari, mwimbe tena. Atacheka na kusema, "Mama, haiingii!" Hapo mfungulie kitabu chake, muimbe ule mstari mkiweka "over" mahali pa "o'er", na mwache asikie mwenyewe. Wa kwangu alisikia akiwa na miaka tisa, akachukua penseli, akapita ukurasa mzima akitafuta maneno mengine yaliyoliwa "v".